Nafasi ya Mchezaji wa Akiba

Nyarugusu,
4 Machi 1984

Mdogo wangu Stanslaus,

Salamu nyingi zikufikie hapo Kambarage, wewe na wifi yangu Philomena na watoto wote. Sisi huku mhola tu, hatujambo. Mvua imenyesha vizuri, mahindi yamebeba, ila sabuni hakuna kabisa, tunafulia majani ya mpapai. Masele hajambo, anakusalimu. Mihayo wako bado yuko kiwanda cha pamba? Mwambie shangazi yake anamlalamikia, hajaja kuniona tangu kipaimara cha mdogo wake.

Sasa nije kwenye jambo. Masele amepata duara la dhahabu. Duara ni shimo tu, usidanganywe na jina. Mtu anashuka kwa kamba na kutoka kwa kamba, na huko katikati ni Mungu peke yake anayejua. Masele hawaamini hao vijana wa kuokoteza, wanaficha mawe, wanalala wakati mwenzao yuko chini. Anataka mtu wa damu yake. Anamtaka mwanetu Donatus.

Mtoto umemlea tangu darasa la tano na kidato cha nne amemaliza mikononi mwako, nami nakushukuru kwa hilo. Lakini kila barua anayoniandikia ni magongo, magongo, magongo. Nijibu bila kuzunguka, maana nakujua. Huo mpira wa magongo utampa kazi au hautampa? Kama hautampa, mpandishe lori la Ramniklal linalokuja mnada wa Katoro, nitampokea.

Dada yako,
Paskalina

(Na mimi Masele naongeza: shemeji, usimfiche mtoto, tunajua unamtumia kukuchotea maji!)

Shinyanga,
25 Machi 1984

Dada Paskalina,

Shikamoo. Barua yako nimeipata, tumeisoma na kumcheka shemeji Masele. Sisi tu wazima. Hapa mvua ni ya kubahatisha, pamba imesimama lakini imechoka. Philomena anakusalimu, na wasichana wawili wanakusalimu sana.

Kuhusu Donatus nakuomba unisikilize taratibu. Ramniklal, ambaye ninyi mnamjua kwa malori yake na sisi tunamjua kwa filimbi yake uwanjani, ameandikiwa na shirika moja la Dar es Salaam lenye timu ya magongo. Mwezi wa nane watamtuma mtu wao, jina lake Marselino, aje kuchukua kijana mmoja. Huyo kijana atapewa kazi ya ghalani na chumba cha kulala, na atacheza. Ila hawatafuti nyota, dada. Nyota wanao. Wanatafuta mchezaji wa akiba, yule anayekaa benchi wakati wenzake wanashangiliwa. Beki akiumia anaingia, kiungo akichoka anaingia, na timu haioni tofauti.

Ramniklal amenipa mimi kazi ya kuwatazama vijana, kwa kuwa nilicheza beki ujana wangu wote na sikuwahi kushangiliwa hata siku moja.

Utafikiri namtazama anayepiga chenga. Chenga inadanganya. Kijana akiwapita watatu hapa Shinyanga, pengine ni kwa sababu hao watatu ni wabovu. Dar atakutana na wasio wabovu, atabaki na nini? Mimi namtazama asipokuwa na mpira. Tukipokonywa, anarudi mbio au anasimama kulaumu wenzake? Nikimtoa, uso wake unakuwaje? Nikimwingiza mwishoni, mwili bado wa baridi, mpira wa kwanza anaupeleka wapi? Na baada ya yote hayo bado ni kukisia. Namtazama mtoto, nalazimika kumsema mtu mzima ambaye hajawapo bado.

Donatus hana kasi. Hatua zake za kwanza ni nzito kama za mtu anayetoka matopeni. Lakini hasimami mahali pabaya. Nikikuambia ataweza kwa hakika, nitakuwa nakudanganya. Nikikuambia hataweza, nitakudanganya zaidi. Niachie huyu mtoto hadi mwezi wa nane.

Ni mimi mdogo wako,
Stanslaus

Nyarugusu,
29 Aprili 1984

Mdogo wangu,

Marahaba. Natumaini mu wazima. Sisi tunaendelea. Mahindi mabichi tumeanza kula, na nimewaanikia michembe ya viazi, nitawatumia lori likija.

Nimemwomba Masele asubiri hadi huo mwezi wa nane. Amekubali kwa kinyongo, akaajiri vijana wawili kutoka Katoro.

Sasa nikuulize. Katika barua yako ndefu nimeona salamu za Philomena, nimeona za wasichana. Za Mihayo sikuziona. Nikadhani umepitiwa. Halafu juzi mnadani dereva wa Ramniklal akanijia anacheka, akasema, “Mama Donatus, mtoto wa Stanslaus ni moto! Uwanja mzima unamwita jina.” Nikamwuliza, mtoto yupi? “Mihayo! Hujui? Wanasema ndiye anayekwenda Dar.”

Stanslaus, nafasi ni moja. Kumbe vijana wawili wanaigombania, mmoja wa kwangu na mmoja wa kwako, na anayechagua ni wewe. Mbona hukusema?

Nijibu hilo kwanza, habari za pamba baadaye.

Paskalina

Shinyanga,
10 Juni 1984

Dada,

Shikamoo. Michembe imefika, ahsante sana. Barua hii imechelewa, na ningeweza kusingizia mafuta ya malori kama kila mtu anavyosingizia siku hizi. Ukweli ni kwamba niliiandika nikaichana, nikaiandika tena.

Ni kweli, Mihayo naye yumo. Sikusema kwa sababu nilidhani nisipoliandika halitakuwa jambo.

Mihayo ana kila kitu ambacho Donatus hana. Akikimbia, mpira haubanduki kwenye gongo lake. Anaona mlango wa goli hata akiwa amegeuka nyuma. Mimi babaye nikimtazama nasahau kwamba nimekuja kupima. Lakini mwezi uliopita tulicheza Tabora, tukiwa tunaongoza nikamtoa, ili nione. Alitupa gongo chini, akapita mbele yangu bila kunitazama, akaenda kukaa peke yake nyuma ya gari hadi mechi ikaisha. Donatus alikuwa amekaa benchi tangu mwanzo. Nikageuka, nikamkuta anamwonyesha kipa wetu kwa mkono upande ambao wale wa Tabora wanapenda kupigia.

Tuliporudi, Philomena alisikia. Tukiwa tunakula akasema, “Kumbe mtoto wa dada yako umemlea vizuri kuliko wako.”

Nikamwambia sijaamua.

“Umeshaamua,” akasema. “Unatafuta tu pa kuegemea.”

Nilimwendea Ramniklal dukani, nikamwomba anitoe katika kazi hii. Akaacha kukunja vitambaa vyake. “Stanslaus, mimi mfanyabiashara,” akasema. “Nikichagua mimi, watu watasema nimeuza nafasi. Wewe sema, mimi nitapeleka.” Nikamwambia, nikichagua mimi watasema nimependelea. Akajibu, “Watasema umempendelea yupi?” Nikatoka na kazi ile ile.

Jambo jingine. Michembe imekuja bila hata mstari mmoja wa utani kutoka kwa shemeji Masele. Donatus amegundua, ameniuliza. Yuko salama?

Stanslaus

Nyarugusu,
8 Julai 1984

Mdogo wangu,

Marahaba. Masele yupo, anawasalimu. Ana kazi nyingi, hapati nafasi ya kushika kalamu. Mwambie Donatus asiulize-ulize mambo ya huku, acheze.

Mimi sikuombi lolote. Ukimchagua mwanangu kwa kunionea huruma, Dar watamrudisha, na utakuwa umenirudishia mtu aliyevunjika moyo. Na usimchague Mihayo kwa kuogopa sufuria za Philomena kugongwa jikoni. Umewatazama wote wawili. Sema ulichoona.

Sina mengi. Kuna upepo na vumbi, macho yananiuma.

Paskalina

Shinyanga,
26 Agosti 1984

Dada Paskalina,

Shikamoo. Wasichana hawajambo. Philomena yuko, ila salamu zake leo sinazo.

Marselino alifika, mtu mfupi, mpole, anauliza zaidi ya anavyosema. Tulicheza na Mwanza. Watu walijaa hadi juu ya ukuta. Mihayo alifunga magoli mawili, dada, na la pili sijaona goli kama lile kwa macho yangu. Aliwazunguka mabeki wote, akamlaza kipa, akausukuma mpira ndani taratibu kama anaufungia mlango. Watu waliingia uwanjani kumbeba.

Kipindi cha pili Mwanza wakafunga moja, wakaanza kutubana upande wetu wa kushoto. Nikamwingiza Donatus. Hakuna aliyepiga kelele. Alirudi hatua chache nyuma ya pale ambapo beki wetu alikuwa akisimama, basi. Njia ya Mwanza ikafa pale pale. Mpira aliugusa mara chache, na kila alipougusa ulimfikia mtu wa kwetu. Kiungo wetu alipoumia, nikampeleka katikati, nako ikawa hivyo hivyo. Tukashinda. Kesho yake ukiwauliza watu wa Shinyanga, hakuna atakayekumbuka kwamba alicheza.

Marselino akaja kukaa karibu yangu.

“Mzee Stanslaus, yule mfungaji ni mwanao?”

“Ndiye.”

“Na huyu aliyeingia?”

“Wa dada yangu.”

Akatikisa kichwa. “Basi leo umebanwa.”

“Nimebanwa.”

“Huyu mwanao ana kipaji, hilo sihitaji kuambiwa. Lakini kwetu mbele wapo wanaomzidi. Nikimchukua nikamkalisha benchi msimu mzima, labda miwili, atakuwaje? Wewe ndiye unayemjua.”

Nilitazama lango ambalo Mihayo alifunga. Kisha nikasema, “Hataweza kusubiri. Ataondoka, au atabaki na kuwaharibu wenzake. Mchukue Donatus.”

Nilipogeuka, Mihayo alikuwa amesimama nyuma yetu na chupa ya maji aliyoniletea. Wachezaji wengine walikuwa naye. Wote walisikia.

“Mbele ya watu, Baba?” akasema. Hivyo tu. Akaiweka ile chupa chini, akaondoka.

Asubuhi hatukumkuta. Kiwandani hajaenda, kwa marafiki zake hayupo. Donatus alitaka kukataa safari. Nikamwambia akikataa tutakuwa tumepoteza wawili, nikamsindikiza stesheni na akapanda treni analia. Philomena analala na wasichana na hasemi nami ila kuhusu kuni na maji.

Dada, umemwona Mihayo? Kama amepita huko, hata kwa kusikia tu, niandikie.

Stanslaus

Nyarugusu,
23 Septemba 1984

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi kwa Donatus na nimelia kwa Donatus. Ameniandikia kutoka Dar, anasema chumba chao kina dirisha na ghalani wanamheshimu.

Kwa kuwa sasa amefika, naweza kukueleza. Masele hakuwa na kazi nyingi. Mwanzoni mwa mwezi wa tano, zile nguzo za miti zinazozuia udongo shimoni, wao wanaziita matimba, ziliachia. Walimtoa akiwa hai lakini mguu wa kulia ulisagika. Hospitali wakaukata chini ya goti. Nilinyamaza kwa sababu nilijua Donatus akisikia, gongo ataliweka chini na kuja kushuka mahali pa baba yake. Masele mwenyewe ndiye aliyeniapisha. Usinikasirikie. Nimemwandikia Donatus juzi kumwambia, na nimemkataza kurudi.

Masele sasa anakaa kwenye kigoda, anasaga meno, siku nyingine anatania kama zamani. Mihogo tumepanda. Mbuzi mmoja amezaa mapacha. Paroko alikuja kutuombea. Jua ni kali mno na visima vimeanza kukauka.

Msalimie Philomena. Mwambie namfikiria.

Paskalina

Shinyanga,
14 Oktoba 1984

Dada,

Shikamoo. Nimempelekea Padri nia ya misa kwa ajili ya shemeji Masele. Nimeumia, na nimeumia zaidi kwamba ulibeba peke yako.

Donatus ameandika. Tangu afike hajaingizwa hata mechi moja. Halalamiki. Anasema anajifunza majina ya wapinzani.

Sasa nisikilize. Nilikuuliza swali moja tu. Umeniandikia mihogo, umeniandikia mbuzi na mapacha wake, paroko, jua na visima. Swali langu umelipita kama mtu anayepita kaburi. Nakujua tangu tukiwa wadogo, dada. Wewe husahau.

Shemeji hana mguu. Ni nani anayeshuka kwenye duara lake?

Stanslaus

Nyarugusu,
11 Novemba 1984

Mdogo wangu,

Kabla ya yote, soma hili: Mihayo ni mzima. Sasa kaa chini usome mengine.

Alifika hapa kabla ya barua yako ya mwezi wa nane. Alibisha hodi akiwa na vumbi hadi kwenye kope, akaniambia, “Shangazi, ukimwandikia Baba kwamba nipo, nitaondoka, na safari hiyo hamtajua nimekwenda wapi.” Nikaogopa. Nikaona heri niwe naye machoni pangu, nikanyamaza. Alipomwona Masele na mguu wake, hakuuliza kitu. Kesho yake akashuka. Nililia, nikamshika shati. Akasema, “Kazi hii ilikuwa ya Donatus. Yeye amechukua ya kwangu.”

Jumanne iliyopita mvua ya kwanza ilinyesha usiku kucha. Asubuhi wakashuka watatu, yeye, kijana wa Katoro, na mzee mmoja anayeitwa Bujiku. Ukuta ukamwagika. Bujiku akabanwa miguu na udongo, na juu yake matimba yakaanza kuinama. Walipiga kelele, nikakimbia pale mdomoni mwa shimo na jembe langu mkononi, kama jembe lingesaidia. Kamba ikateremshwa. Akapanda kijana wa Katoro, akasema Mihayo ameweka bega lake chini ya mti uliopasuka, akilitoa tu, Bujiku anafukiwa.

Wanaume wakaanza kuchimba pembeni taratibu, maana wakiharakisha yote yanashuka. Kila baada ya muda Masele, akiwa kwenye kigoda chake hapo ukingoni, alikuwa akiita, “Mihayo! Shika kamba, upande juu!” Na sauti ikitoka chini, “Bado!” Jua likapanda, likapita utosini, likaanza kushuka. “Mihayo!” “Bado!” Kuna wakati aliitwa na hakujibu, Stanslaus, nami nikafikiri nitaiandikaje barua hii. Halafu ikaja, ndogo kabisa: “Bado.”

Walimtoa Bujiku kwanza. Mihayo akatoka wa mwisho. Bega lake limechanika na mkono haunyooki, lakini mganga wa zahanati anasema utanyooka.

Ulimwambia yule mtu wa Dar kwamba mwanao hataweza kusubiri. Sisemi ulimpeleka vibaya Donatus. Nasema mimi nimemwona huyu akisubiri. Wewe hukuwapo.

Njoo.

Paskalina

Nyarugusu,
16 Desemba 1984

Mdogo wangu Stanslaus,

Amani iwe nyumbani mwako. Sisi tu wazima. Masele amechongewa mguu wa mti, anaulalamikia kutwa, kwa hiyo najua anaupenda. Lile duara tumemwachia mtu mwingine. Hatushuki tena.

Tangu siku uliyoondoka hapa hatujaandikiana, nami najua uliondoka na moyo mzito. Ulikuja safari yote hiyo juu ya magunia ya chumvi, ukasimama mbele ya Masele na wachimbaji wote, ukasema, “Mihayo, mbele ya watu nilisema huwezi kusubiri. Mbele ya watu nasema niliona vibaya.” Naye akakuambia shikamoo tu, akaenda zake kuoga, hakutoka hadi lori lilipoondoka. Niliona ulivyokuwa unatazama nyuma.

Sasa nikueleze yaliyofuata, maana hukuyaona. Siku hiyo hakula. Siku zilizofuata alinichotea maji, akapalilia mihogo kwa mkono mmoja. Jumatano tukiwa tunamenya viazi akauliza, “Shangazi, Baba amekonda?”

Nikasema amekonda.

“Donatus ameshacheza?”

Nikamwambia ulivyotueleza, kwamba ameingizwa mechi mbili, dakika za mwisho, na hakuharibu.

Akacheka kidogo, mara ya kwanza tangu aje kwangu. “Yule hawezi kuharibu. Kwa Donatus, Baba aliona sawasawa.” Akamenya kiazi kingine. “Na kwangu pia siku ile aliona sawasawa. Ningeondoka. Sijui huku shimoni ni nani aliyekuwa anajibu.”

Mambo mengine si ya kujibiwa na shangazi.

Leo akaniuliza lori la Ramniklal linaondoka lini. Nikamwambia kesho. Akakaa, akasugua lile bega. “Nikifika pale mlangoni,” akasema, “nitasema nimefuata nini?”

Nikamwambia, “Utasema umeleta barua ya shangazi yako.”

“Barua gani?”

“Nitaiandika sasa hivi.”

Ndiyo hii, mdogo wangu. Haina jambo jingine ndani yake. Aliyekukabidhi amesimama mbele yako, amechoka, hajala tangu Kahama, na hawezi kuinua mkono wa kulia kubisha vizuri. Philomena yuko jikoni hajui. Usimwulize magongo, usimwulize duara. Acha kusoma, mkaribishe ndani.

Dada yako,
Paskalina